Tingatinga Halijafika: Dai Amana Yako

Wapangaji 48 wa nyumba za zamani za kaunti huko Pangani, Nairobi, walipohama kupisha ujenzi wa maghorofa, kila mmoja alipewa Sh600,000 akapange kwingine. Tangu hapo, kila mtaa wa kanjo, yaani wa nyumba za baraza la zamani, unapotajwa kwamba utajengwa upya, iwe ni Bahati, Maringo, Jericho, Ziwani au Woodley, swali la kwanza la wakazi huwa ni moja: sisi tutapewa ngapi?

Ni swali la haki, wala sina neno nalo. Ila kuna pesa nyingine ambayo ni ndogo zaidi, imekaa muda mrefu zaidi, na ni yako zaidi kuliko hiyo. Ni ile amana uliyolipa siku ulipokabidhiwa ufunguo, au aliyolipa baba yako wewe ukiwa bado hujazaliwa. Wengine huiita dipoziti. Pesa ya kuhama hutokana na mazungumzo. Leo inaweza kuwa nyingi, kesho kidogo, na mtaa mwingine usipate kitu. Amana haina mazungumzo. Uliitoa mfukoni mwako, ukapewa risiti, na aliyeipokea aliahidi kwamba utakapoondoka bila deni wala uharibifu utarudishiwa.

Nakuandikia wewe msomaji kwa sababu naona watu wanahama bila kuiulizia. Mwenye Sh600,000 mkononi huona haya kuuliza kuhusu Sh3,000. Asiyepewa chochote huwa amekasirika mno hata asikumbuke. Na wazee wengi tunaowajua walishaandika moyoni kwamba pesa iliyoingia kwa serikali haitoki.

Tuanze kwa kuelewana pesa hii ni ya nani. Mtoto anayetumwa dukani soda anajua kwamba bila chupa tupu lazima aache pesa ya chupa, na akirudisha chupa anarudishiwa pesa yake. Mwenye duka hawezi kuihesabu pesa ya chupa kama faida ya siku. Kodi ya kila mwezi ni mapato ya kaunti, ijenge barabara au ilipe mishahara, shauri yake. Amana ni deni ambalo kaunti haimdai mtu, bali inadaiwa na mpangaji. Katika vitabu vya hesabu hukaa upande wa madeni, na huko inatakiwa kubaki hata magavana wakibadilika mara tano.

Hili la kubadilika si dogo. Nyingi ya nyumba hizi ni za zamani sana. Kariokor jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940. Mbotela na Ofafa ziliitwa kwa majina ya madiwani Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Wenye nyumba wa wakati huo walikuwa serikali ya manispaa ya kikoloni, baadaye likaja Baraza la Jiji, na tangu 2013 ni Serikali ya Kaunti. Leja zimehama kutoka chumba hadi chumba, zikaandikwa kwa mkono, zikapigwa chapa, zikaingizwa kwenye kompyuta. Basi mpangaji akienda kuulizia amana ya mwaka 1978 ataambiwa kwamba hiyo ilikuwa kanjo, sisi ni kaunti. Jibu hilo halina miguu. Aliyerithi nyumba na akawa anapokea kodi yake kila mwezi amerithi na madeni ya nyumba hiyo. Hawezi kuchukua minofu akaacha mifupa.

Yupo atakayeniambia: ndugu, amana ya 1978 ni shilingi ngapi? Shilingi mia mbili, mia tatu? Nauli tu ya kwenda City Hall, makao ya kaunti, na kurudi inaimaliza. Ni kweli, na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Wakati ule mia tatu ilikuwa pesa ya maana kwa mfanyakazi, alijinyima ili aitoe. Ilikaa miaka arobaini na ushei mikononi mwa mwingine bila kuzaa hata senti, na leo anaambiwa haitoshi nauli. Aliyekaa nayo alipata matumizi yake ilipokuwa na thamani, na sasa anataka kurudisha ganda. Kwa maoni yangu amana ya nyumba ya umma ilipaswa kukaa kwenye akaunti yake pekee, yenye riba, na riba hiyo iwe ya mpangaji.

Hayo si maajabu ya Ulaya. Afrika Kusini ina Sheria ya Nyumba za Kupanga ya mwaka 1999, na mambo yake yameandikwa wazi hata mtu asiye wakili anayaelewa. Amana huwekwa kwenye akaunti yenye riba. Mpangaji na mwenye nyumba hukagua nyumba pamoja kabla ya kuingia, kisha hukagua tena pamoja siku tatu za mwisho kabla ya mkataba kwisha. Kama hakuna kinachodaiwa, pesa na riba yake hurudishwa ndani ya siku saba. Kama kuna cha kutengeneza, kinatengenezwa, mpangaji ana haki ya kuonyeshwa risiti za ukarabati, na salio analipwa ndani ya siku 14 baada ya nyumba kurudishwa kwa mwenyewe. Kipengele ninachokipenda zaidi ni hiki: mwenye nyumba asipojitokeza kukagua, inachukuliwa kwamba amekubali nyumba iko sawa, na hapo hana ruhusa ya kukata hata shilingi. Uvivu wa mwenye nyumba unamgharimu mwenyewe.

Sisi tunayo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura 296, iliyoanza mwaka 1959. Kiwango chake cha juu ni nyumba ya Sh2,500 kwa mwezi. Nionyeshe nyumba ya kodi hiyo Nairobi ya leo nihamie kesho. Kwa hiyo katika jambo la amana, mpangaji anategemea zaidi mkataba wake, risiti yake na kinywa chake.

Na kinywa kinahitajika hasa likija suala la rangi. Aliyewahi kuhama nyumba ya kupanga, ya mtu au ya serikali, anaijua rangi. Unatoa notisi, unafagia, unapangusa madirisha, unarudisha ufunguo. Unaambiwa mkaguzi atapita. Baadaye unaitwa, unaonyeshwa karatasi: kupaka rangi, kiasi fulani. Kitasa cha mlango wa jikoni. Bomba la sinki. Kioo kimoja. Ukijumlisha, makato yamelingana na amana sawasawa, hadi shilingi ya mwisho, kana kwamba nyumba ilijua itaharibika kwa kiasi gani. Ukimuuliza jirani aliyehama mwezi uliotangulia, karatasi yake inafanana na yako, kitasa kwa kitasa.

Ukuta uliokaa miaka kumi na miwili na watoto watatu lazima uchakae. Rangi inapauka kwa jua, sakafu inalika kwa nyayo, kitasa kinalegea kwa kufunguliwa na kufungwa. Huo ni uchakavu wa kawaida, na mpangaji ameshaulipia kwa kodi ya kila mwezi. Uharibifu ni kitu kingine: mlango uliovunjwa kwa teke, sinki lililopasuka kwa kuangushiwa sufuria, waya za umeme zilizong'olewa. Hivyo mpangaji alipe, na alipe bila kunung'unika. Lakini anayekata aandike ameharibiwa nini, fundi nani alitengeneza na kwa bei gani. Na jamani, nyumba inayosubiri tingatinga mwezi ujao inapakwa rangi ya nini? Mtaa ukibomolewa, makato ya ukarabati yote yanakosa maana, kwa kuwa hakuna kitakachokarabatiwa. Ukikutana na karatasi ya namna hiyo, usitie sahihi. Omba nakala, rudi nayo nyumbani.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Wako wapangaji wa nyumba za kanjo wenye malimbikizo ya kodi ya miaka. Wengine waligoma kwa sababu vyoo vilifurika na hakuna fundi aliyekuja, wengine walizoea tu. Mwenye deni asitegemee kupewa amana yote mkononi. Kaunti ina haki ya kuikata, na dawa ya deni ni kulipa kwa pande zote mbili. Anachostahili mpangaji huyo ni taarifa: ulilipa amana kiasi hiki, unadaiwa kodi kiasi hiki, salio ni hili. Mara nyingi hata wenyewe tukiona hesabu iliyonyooka tunatulia. Kinachochoma ni kuambiwa tu "imekatwa".

Jambo gumu kuliko yote ni jina lililo kwenye leja. Katika mitaa hii, mara nyingi anayekaa ndani siye aliyeandikwa. Baba alipewa nyumba akiwa mfanyakazi wa jiji, akafariki miaka ya tisini, mama akaendelea kulipa kodi kwa jina lake, na leo anayelipa ni kitinda mimba ambaye naye ana wajukuu. Au mpangaji wa asili alihamia shamba Murang'a, Siaya au Machakos, akampangisha mtu mwingine, na huyo akampangisha wa tatu. Wa tatu alilipa "dipoziti" kwa wa pili, bila risiti, na City Hall haimjui kabisa.

Kwa hao wa mwisho sina faraja kubwa. Amana yenu iko kwa aliyeipokea, mdaini yeye, na kama mnazo jumbe za simu au za M-Pesa zinazoonyesha malipo, zitunzeni kama dhahabu. Lakini kwa wajane na watoto wa wapangaji walioandikwa, msikubali kuambiwa kwamba amana ilikufa na mwenyewe. Pesa ya marehemu ni mali ya warithi. Anzeni kwa chifu, awaandikie barua ya kutambulisha warithi, muiambatanishe na cheti cha kifo, na mali ikiwa ndogo mwende kwa Mdhamini wa Umma badala ya kujitia kwenye kesi ndefu ya mirathi. Ikiwa mmepania kugawana kiwanja cha mashambani, ingizeni na amana hii kwenye orodha hiyo hiyo. Safari itakuwa moja.

Sasa tufike kwenye kaunta. Tunajua kinachoendelea pale. Faili haionekani. Mfumo uko chini. Anayehusika ametoka, njoo Jumatatu. Jumatatu anayehusika yuko mkutanoni. Mzee wa miaka sabini na mitano mwenye fimbo hawezi mchezo huo, na anayemzungusha anajua kwamba baada ya safari ya tatu hatamwona tena. Kwa hiyo usiende na mdomo mtupu. Andika barua. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: jina, nambari ya kitambulisho, mtaa, nambari ya nyumba, mwaka ulioingia, kiasi cha amana ukikijua, na ombi la kupewa taarifa ya amana yako. Peleka nakala mbili, moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri. Hata wakikwambia bosi hayupo, muhuri upo.

Tarehe hiyo ina kazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Siku hizo zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Kulalamika hapo hakuhitaji wakili. Hata ukijibiwa kwamba kumbukumbu hazipo, umepata jibu la maandishi, na jibu la maandishi ni kitu cha kuonyesha mbele ya hakimu.

Hakimu naye hayuko mbali kama zamani. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, pamoja na madai ya pesa ambayo mtu amepokea na kuishikilia kwa niaba ya mwingine. Sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Jihadhari tu na muda: dai la mkataba dhidi ya serikali lina miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipoanza. Uliyehama mwaka jana bado una nafasi. Uliyehama mwaka juzi, harakisha.

Kwa mnaokaa upande wa pili wa kaunta, nina maneno pia, na nayasema kwa heshima kwa kuwa najua wengi wenu mlikuta leja hizo zimekwisha liwa na mende. Hamkuzichana nyinyi. Lakini mnaweza kufanya jambo moja ambalo halihitaji bajeti mpya wala mswada: bandikeni orodha. Kila mtaa unaotarajiwa kubomolewa, bandikeni kwenye ofisi ya mtaa na ukumbi wa kijamii nambari ya kila nyumba na kiasi cha amana kilichopo kwenye kumbukumbu zenu. Majina si lazima. Mwenye nyumba namba fulani ataijua namba yake. Mahali ambapo kumbukumbu hazipo, andikeni "haionekani", wapangaji walete risiti. Mtashangaa jinsi risiti zitakavyotoka chini ya magodoro.

Na notisi ya kuhama ikiandikwa, iandikwe kamili. Mstari mmoja uonyeshe pesa ya kuhama, kama ipo. Mstari mwingine uonyeshe amana na riba yake. Mwingine uonyeshe kodi inayodaiwa. Chini kuwe na jumla na siku ya kulipwa, na siku hiyo iwe kabla ya tingatinga, si baada. Mkichanganya vyote kwenye fungu moja mkaliita msaada, mnamlipa mtu kwa pesa yake mwenyewe na kumtaka ashukuru.

Madiwani nao wana nafasi yao. Mtaa mzima ukihama kwa pamoja, amana za mamia ya watu zinadaiwa kwa mkupuo, na kaunti ambayo tayari inadaiwa na makandarasi haiwezi kuzitafuta siku ile ile. Lazima zitengewe fungu mapema kwenye bajeti. Diwani wako akija kuwaambia habari njema za maghorofa mapya, msikilize vizuri, mpigie makofi ukipenda, kisha muulize kifungu cha amana kiko ukurasa gani. Swali hilo likiulizwa na watu kumi kwenye baraza moja, halitasahaulika. Nanyi mnaoingia kwenye nyumba mpya za bei nafuu, kama zile za Mukuru zilizokabidhiwa mwaka 2025, ulizeni mapema pia: nilichotanguliza kiko akaunti gani, na nikishindwa kuendelea kitarudi vipi? Ni rahisi kuuliza siku ya kupokea ufunguo kuliko siku ya kuurudisha.

Lakini wito wangu mkubwa ni kwa vijana wa mitaa hii, mliozaliwa Jericho na Maringo na sasa mnakaa Rongai, Ruiru au Kitengela. Wazazi wenu bado wako pale, au jirani aliyewafungia kamba za viatu mkienda shule bado yuko pale. Wengi hawasomi maandishi madogo, wengine hawataki "kusumbua watu wakubwa". Mwisho wa wiki hii ukienda kuwasalimia, kaa kidogo baada ya chai. Omba kuona karatasi za nyumba. Zipige picha kwa simu, pande zote mbili, hasa palipo na nambari ya risiti. Piga picha na kuta, madirisha, sinki na milango, ili siku ya makato uwe na la kuonyesha. Kisha andika ile barua, msomee mzee kwa sauti, atie sahihi au kidole, na Jumatatu mwende pamoja mkaigongeshe muhuri. Ukimaliza ya kwenu, gonga mlango unaofuata.